Mwaka Niliongoja Kuombwa

"Huyu alikuwa msichana wetu wa kazi," Nyandeng alimwambia wifi yake. "Kakuma, wakati mama bado ana nguvu." Wifi yake, mwanamke mrefu aliyebaki na miwani ya jua hata ndani ya hoteli, alinipa mkono mlegevu, akasema asante kwa kazi, akarudi kwenye simu yake. Tulikuwa katika hoteli moja ya hapa Lodwar, ile sehemu ya nyuma yenye paa la makuti na feni, na mezani kulikuwa na samaki mzima wa kukaanga ambaye hakuna aliyemgusa. Walikuwa wametoka Kakuma kumzika mama yake Nyandeng, wakingoja ndege ya alasiri. Alikuwa amenipigia simu asubuhi ile; nambari yangu sijui aliipata wapi. Tangu simu ile mpaka kufika hotelini nilipiga pasi blauzi, nikaivua, nikapiga pasi nyingine, nikairudia ya kwanza, kisha nikaketi kitandani kupanga nitaanza kusema nini. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Siwezi kutoka nyumbani kabla pazia halijakaa sawa, na siwezi kumsalimu mtu niliyemkosa miaka yote hii bila kuifanyia salamu mazoezi. Katika mazoezi yangu yote, neno "kazi" halikuwemo.

Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nina rafiki. Wanawake wa rika langu hapa mjini wakikaa pamoja hutaja marafiki wa shule, wa kwaya, wa chuo. Mimi shule niliiacha mapema, na chuo nimekiona kwa nje, kwa hiyo nilikuwa na huyo mmoja tu wa kumtaja, nikamtaja mara nyingi. Rafiki yangu Nyandeng. Majina yetu yote mawili ni ya mvua, mimi Akiru kwa Kiturkana, yeye kwa Kidinka, na hilo pia nililitaja, kana kwamba wazazi wetu walikaa mahali fulani wakakubaliana. Siku ile hotelini, nikimtazama wifi yake akichezea simu, nilianza kuupitia upya mwaka ule wote chumba kwa chumba, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyolala haikuwa yake. Bado naupitia. Nyumbani kwetu sitapazungumzia; kila mtu wa huku ana hadithi ya mbuzi waliokufa, na yangu haina tofauti.

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoingia kwao, katikati ya mwaka 2012. Kakuma kuna mji wa sisi wenyeji na kuna kambi ya wakimbizi, na kati yake kuna njia nyingi za miguu. Kina mama wetu walipeleka kuni na makaa kambini wakarudi na mahindi, unga na mafuta, na wasichana wetu waliingia katika nyumba za wakimbizi kuchota maji na kufua. Watu wa mbali wakisikia hivyo hudhani nimekosea, kwamba mkimbizi ndiye alikuwa mtumishi. Sijakosea. Jirani yetu muuza makaa alinipeleka kwa mteja wake, mjane kutoka Sudan Kusini aliyeitwa Mama Nyandeng, akamwambia, "Huyu anajua kazi na hana maneno." La pili halikuwa kweli. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo na mabati, imezungushiwa ua wa miiba uliozibwa kwa magunia ya msaada. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mama: kitanda cha kamba, sanduku la bati, msalaba, na picha ya mumewe aliyefia vitani. Cha pili kilikuwa cha Nyandeng na mdogo wake Achol, na humo ndimo nilimolala, chini kwenye mkeka, kichwa changu kikielekea upande wa miguu ya Nyandeng. Mama alipika asida, ugali laini wa mtama, akaimwagia mchuzi wa bamia kavu, na tulikula sote wanne kwenye sinia moja. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu nimelitumia kama ushahidi kwa miaka mingi. Msichana wa kazi hatii mkono kwenye sinia la wenye nyumba, na mimi nilitia. Lakini ni kweli pia kwamba, tulipomaliza, aliyeinuka kuliosha alikuwa mimi.

Siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa jerikeni, Nyandeng aliingia kutoka shule, sare yake ya kidato cha tatu imejaa vumbi, nywele zimebanwa kwa kibanio chekundu. Tulisalimiana. Nikamwambia, "Hiyo kitu ya kichwa ni mzuri. Nipe." Alinitazama kama nimemtemea mate. Jikoni Mama alicheka mpaka akakohoa. "Waturkana! Ata maji hajachota, ameanza, nipe, nipe. Na sasa mmepata mafuta huko Lokichar. Bado mtakuja kuniomba ya kupikia?" Habari za mafuta ya ardhini zilikuwa ndiyo kwanza zimeenea wakati huo, kuanzia Kalemng'orok mpaka Kakuma watu walinunua viatu kwa ahadi. Nilicheka pamoja naye ili nisionekane mjinga, ila sikujua nimekosa nini.

Nilikuja kumweleza Nyandeng Jumapili moja, nikiwa nimekaa nyuma yake nikimsuka. Kwetu humwombi mtu usiyemtaka. Ukimwambia mtu "nipe", umemwambia kwamba umemwona, kwamba umemweka kati ya watu wako, na kwamba yeye naye kesho anaweza kukunyooshea mkono. Anaweza kukukatalia, anaweza kukutania, anaweza kukupa nusu, ila hakasiriki. Na akishakupa, zamu yake ya kuomba inakuja, na wewe unaingoja zamu hiyo kwa hamu kama mtu aliyealika wageni. Nyandeng alisikiliza huku akila njugu.

"Sasa mimi nikuombe nini? Si hauna kitu."

"Omba tu."

"Gauni umevaa ni yangu. Sabuni ni yetu. Nikuombe nini, meno?"

"Omba meno."

Alicheka mpaka nikakosea mstari, nikafumua kichwa kizima nikaanza upya, maana singeweza kumwacha aende shule na mstari uliopinda. Lakini hakuomba. Alinipa vitu vingi mwaka ule, magauni aliyoyachoka, kandambili, vitabu vya kidato cha kwanza, na kile kibanio chekundu kilipovunjika jino. Kuomba, hakuomba hata mara moja. Aliagiza. "Akiru, leta maji." "Akiru, hiyo sare imekauka?" Kuagizwa si kuombwa. Nilijua tofauti hiyo mwilini kabla sijapata maneno ya kuieleza, na niliingoja zamu yake kwa wasiwasi ambao hakuna aliyeuona.

Vile vitabu ndivyo vilivyonifanya niwe mtu ninayeweza kuandika haya. Jioni Nyandeng alisoma kwa sauti mezani, nami nikiwa mlangoni nikikwangua sufuria niliyafuata maneno kwa midomo. Baadaye nilivisoma mwenyewe, nikivifungua juu ya gunia safi ili visishike majivu. Nilipokosea ngeli tumbo liliniuma, kweli liliniuma, kama mtu aliyekula kitu kibaya. Nyandeng aliponisikia nikisema "maji yamekwisha" badala ya "maji imekwisha" alinishangaa. "Hiyo ni ya mtihani, Akiru. Ukiongea hivyo kwa bomba watakupiga." Lakini alianza kunipa mazoezi, akanisahihisha kwa kalamu nyekundu kama mwalimu, na mara moja alimwambia Mama kwamba nikienda shule nitampita. Mama alinitazama kwa mara ya kwanza kama anayenikadiria. "Akienda shule," alisema, "nani atachota maji?" Walicheka wote. Sikumchukia kwa hilo. Leo nikikumbuka kwamba amezikwa na sikuitwa, najua ningekwenda, ningeosha masinia yote ya matanga.

Mwanzoni mwa mwaka 2013, Nyandeng akiwa ameingia kidato cha nne, baba yake mdogo alifika kutoka Bor, kwao Sudan Kusini. Aliitwa Majok. Alikuwa na sauti ya chini na adabu nyingi, alikunywa chai yenye tangawizi na sukari mpaka kijiko kikasimama, na kila alasiri wanaume wengine walikuja kukaa naye kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Mimi nilipeleka chai. Msichana wa kazi akiingia hakuna anayenyamaza. Wanaendelea kuongea kana kwamba birika limejileta lenyewe. Kidinka sikukijua, ila nilisikia jina la Nyandeng, nikasikia neno la ng'ombe ambalo nilikuwa nimejifunza, na yote mawili yalirudi yakifuatana. Nilimuuliza Achol, aliyekuwa na miaka kumi na minne na aliyependa kujua kila kitu kabla ya wengine. "Kuna mtu ana ng'ombe mingi kule," alisema. "Wanasema Nyandeng amesoma ya kutosha." Mama hakukaa kwenye mazungumzo yale. Alikaa jikoni akichagua mtama ambao ulikuwa umeshachaguliwa.

Asubuhi iliyofuata Nyandeng alinifuata bombani. Hakuwahi kuja bombani tangu nilipofika. Alisimama kwenye foleni pamoja nami, amevaa sare, wanawake wakimtazama, akashika mkono wa jerikeni yangu upande wa pili kama anataka kunisaidia kubeba kitu ambacho bado ni kitupu.

"Una shangazi Lodwar," alisema.

"Ninaye."

"Nipe."

"Nikupe nini?"

"Shangazi. Nipe huyo shangazi wako. Nipe kwenu, Akiru, mpaka baba mdogo arudi."

Machozi yalikuwa yakimtoka mbele ya foleni nzima, na mimi nilikuwa na furaha. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Rafiki yangu alikuwa anauzwa, na kitu kilichonijaa kifuani kilikuwa furaha, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika na alikuwa ameniomba kitu kikubwa kuliko chochote nilichowahi kumwomba yeye.

Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, lakini zilikuwa wiki za uchaguzi na askari wa kizuizini walikuwa na mengine ya kuangalia. Tulipanda lori lililorudi tupu. Nilimvisha Nyandeng shanga zangu shingoni na shuka yangu begani, nikamfundisha njiani maneno mawili. Askari alichungulia nyuma ya lori akasema, "Ejok?" Nyandeng akajibu, "Ejok nooi," kwa uvivu kabisa, kama mtu aliyezaliwa Lokichoggio na kuchoshwa na salamu. Tulipofika mbali tulicheka mpaka dereva akagonga kioo.

Shangazi Asinyen alikaa Nakwamekwi, pembeni mwa Lodwar, katika nyumba ya duara ya majani ya mkoma, sakafu ya mchanga aliyoifagia kila asubuhi kwa mistari. Alisuka vikapu vya kuuza sokoni. Chakula kilikuwa mahindi na maharagwe, siku njema samaki mkavu kutoka ziwani, na chai ya maziwa ya ngamia. Hakuuliza maswali. Aliangalia miguu ya mgeni wangu na kusema, "Viatu mzuri. Nipe." Nyandeng alinitazama. Alivivua, Shangazi akavijaribu, vikambana, akachukua kisu akakata ukanda wa nyuma ili kisigino kipumue, akatembea navyo ua mzima akijisifu. Kisha akasimama mbele ya Nyandeng. "Haya, mtoto. Sasa wewe omba."

"Mimi nimeshiba, shangazi."

"Nani ameuliza kama umeshiba? Omba!"

Nyandeng aliangalia huku na huku. Akanyoosha kidole kwenye kikapu kikubwa chenye mapambo ya zambarau.

"Hicho ni cha mteja. Omba kingine."

"Nataka hicho."

Shangazi alipiga kofi, akageuka kwangu. "Ee! Umetuletea mwizi!" Akampa.

Kuanzia hapo hakushikika. Aliomba maziwa, akaomba kibuyu kidogo cha kuyawekea, akamwomba tumbaku bibi wa jirani ambaye alikuwa na meno mawili na wivu mwingi juu ya tumbaku yake, kwa mzaha tu, na bibi akampa. Aliniomba mimi bangili yangu ya shanga nyeupe na nyekundu. Alikuwa ameushika mkono wangu akiitazama. "Hii ni nzuri," akanyamaza kidogo, akatabasamu, akamalizia: "Nipe." Nilimfunga mwenyewe, nikafungua fundo, nikafunga tena mpaka likakaa vizuri. Tulizungumza juu ya kwenda Eliye Springs kuliona ziwa, ambalo hata mimi nilikuwa sijaliona. Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Majok angechoka kungoja na kurudi Bor, mwenye ng'ombe angetafuta msichana mwingine, Nyandeng angerudi shule na kufanya mtihani mwisho wa mwaka. Niliutaka mtihani ule kuliko alivyoutaka yeye. Vitabu vyake vyote nilikuwa nimevisoma. Nilihisi tungefaulu wawili. Na katika siku zote hizo, ambazo nimeziita za furaha kwa miaka mingi, maji ya mtoni niliyachota mimi. Shangazi alilisema hilo mara moja, akiwa hajainua macho kwenye kikapu chake: "Rafiki yako anaomba kama Mturkana na kukaa kama mke wa chifu." Nilijibu kwamba ni mgeni.

Siku moja simu ya jirani iliita, ikaletwa, Nyandeng akaongea nje kwa lugha yao. Aliporudi alisema, "Mama anawasalimia." Alikula vizuri. Kesho yake mimi na Shangazi tulikwenda sokoni na vikapu, na tuliporudi nyumba ilikuwa tupu. Kwenye ngozi aliyokuwa akilalia vilikuwa vimewekwa vitu vyote alivyoomba. Kikapu chenye zambarau. Kibuyu, kimeoshwa na kugeuzwa kichwa chini. Kifundo cha tumbaku ambayo hakuivuta. Bangili yangu, katikati kabisa, fundo limefunguliwa bila kukatwa. Vilikuwa vimepangwa kwa unadhifu ambao siku nyingine ningeusifu.

Shangazi aliviangalia kutoka mlangoni. "Ametutupa," alisema.

Kwetu anayeondoka na kitu chako bado yuko nawe. Kitu chako kinatembea naye. Anayerudisha anasema hapakuwa na neno kati yenu, hata lile lililokuwepo halikuwepo. Sijawahi kumwona mtu akirudisha kitu alichopewa ila katika ugomvi wa damu au talaka. Shangazi alivua vile viatu alivyovikata ukanda akavitupa nje ya ua, na hakuvivaa tena. Mimi niliketi kwenye mchanga nikajiambia jambo jingine: kwao si hivyo. Mama yake alimlea akisema mkimbizi asiondoke na kitu cha mwenyeji, asije akaitwa mwizi. Nilimsikia kwa masikio yangu akimkaripia Achol kwa sababu ya kijiko cha jirani. Huenda Nyandeng alivipanga pale kwa heshima. Huenda alidhani anasema asante. Hizo ndizo maana mbili nilizotembea nazo tangu mwaka ule, moja kwenye kila mfuko, na kwa kuwa mimi siwezi kuacha jambo likiwa nusu, zimenila.

Nilikwenda Kakuma. Mama Nyandeng alinikuta kwenye mlango wa miiba, hakuufungua. Alikuwa amekonda. "Nilikulisha," alisema. "Tulikula sahani moja, na wewe ukachukua mtoto yangu."

"Aliniomba, Mama."

"Aliomba! Nyinyi kila kitu ni kuomba. Kalas. Kazi imekwisha."

Nyuma yake mlango wa chumba cha pili ulikuwa na pazia jipya ambalo halikufika chini, na chini ya pazia niliiona miguu ya Nyandeng. Nisingeikosea; nililala miezi yote ile nikiielekea. Ilikuwa imepakwa mafuta mpaka inang'aa, na ilikuwa imetulia, visigino pamoja, kama miguu ya mtu anayesikiliza. Niliinua sauti. Nilisema, kwa Kiswahili cha mtihani, kwa sababu ndicho nilichokuwa nimefundishwa naye, kwamba vitu vyake vimebaki Lodwar na kwamba vinamngoja. Miguu haikusogea. Achol ndiye aliyenifuata njiani, akanishika mkono, akaniambia haraka haraka: walikuwa wamesema Nyandeng asipoonekana watamchukua yeye, na yeye ndiye aliyepiga simu ile. "Usimwambie mtu nimelia," alisema. Nilielewa. Ningerudi hata mimi. Lakini mtu anayerudi kumwokoa mdogo wake anaweza kuondoka na bangili mkononi. Haina uzito.

Walimpeleka Bor kabla ya katikati ya mwaka. Desemba vita vilipolipuka huko nilikaa kwa Shangazi nikisikiliza redio ya jirani ikitaja Bor asubuhi na jioni, imetekwa, imekombolewa, imetekwa tena, na wakimbizi wapya walipoanza kuingia Kakuma nilikwenda kusimama mahali waliposhushwa na kutazama miguu yao. Sikumwona. Nilimlilia kama maiti kwa miezi, mpaka nilipokutana na Achol, akaniambia Nyandeng yuko Juba, ana mtoto, mume ana duka. Nilishukuru Mungu. Baadaye, nikitembea kurudi nyumbani, nilijiuliza kwa nini mtu aliye hai na mwenye simu asinitumie hata neno moja.

Kwa hiyo nilipokwenda hotelini nilikuwa nimevaa bangili ile. Niliweka mkono mezani, kando ya soda, mahali ambapo hangekosa kuiona. Nilikuwa nimeelewa mara moja kwa nini aliniita msichana wa kazi: huko kwa mumewe hakuna anayejua kwamba aliwahi kumkimbia, na wifi alikuwa pale, masikio wazi nyuma ya miwani. Nilielewa, na kuelewa hakukunipunguzia kitu. Swali langu lisingeulizwa mbele ya mtu yule. Lakini kulikuwa na njia nyingine ya kuuliza, njia ambayo watu wawili tu mezani pale waliijua. Alikuwa amejifunga shingoni skafu nyembamba ya kijivu, ya matanga, yenye harufu ya udi.

"Skafu yako ni nzuri," nilisema. "Nipe."

Wifi yake aliinua uso kwenye simu akacheka. "Jamani! Hata kaburi halijakauka. Hawa watu wenu hawachoki kuomba?"

Nyandeng hakucheka. Aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu nikae, akafungua fundo, akaivua skafu, akaikunja, akaiweka mkononi mwangu. Bila neno, kama inavyotakiwa. Zamu ilikuwa yake. Macho yake yalishuka kwenye mkono wangu, akagusa shanga kwa ncha ya kidole, moja nyeupe, moja nyekundu.

"Bado unayo," alisema.

"Ninayo."

"Ni nzuri."

Akanyamaza kidogo, kama alivyonyamaza Nakwamekwi. Nilikuwa nimeshaushusha mkono chini ya meza na kuingiza kucha kwenye fundo. Lilikuwa limelegea tayari; ningempa kabla hajafunga mdomo. Wifi yake akasema gari limefika. Nyandeng akainuka, akachukua mkoba, akanipa mkono ule wa wageni.

"Itunze," alisema.

Hakuwa mtu asiyejua. Nilimsikia akiomba maziwa, akiomba kikapu cha mteja, akimtoa bibi tumbaku mdomoni. Alijua neno linalofuata na akaliacha, na sasa najua kwamba alijua mwaka ule pia, alipokuwa akifungua fundo la bangili bila kulikata. Nilibaki na samaki mzima mezani. Mhudumu aliuliza kama anifungie, nikakataa.

Skafu ile siivai. Nimeikunja pembe kwa pembe, nikaikunjua kwa sababu haikulingana, nikaikunja tena, nikaiweka kwenye kiti kilicho karibu na mlango, ambapo kila anayeingia lazima aione. Majirani wameiona. Wateja wangu wa vikapu wameiona, wasichana wanaokuja kujifunza kwangu kusoma wameiona, na wengi wamesema ni nzuri. Nikasimama mbele yao nikingoja neno linalofuata. Lodwar ya siku hizi ina watu wenye haya. Wanasifu kitu, wanaaga, wanakwenda zao. Bado ipo pale kitini.